Kinoo, Wembe na Chuma cha Ufipa: Nafasi ya Unoaji katika Historia ya Uhunzi, Karne ya 19 na ya 20

Utangulizi

Historia ya chuma katika uwanda wa juu wa Ufipa imeandikwa zaidi kwa kulitazama tanuru. Hilo halishangazi. Tanuru la Wafipa, ambalo kwa lugha yao huitwa ilungu (wingi: malungu), lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likasimama kwa kimo cha mita 3 hivi, na magofu yake yamedumu katika mashamba na mapori ya Rukwa hata baada ya waliolijenga kusahauliwa majina. Apitaye njiani huliona na kuuliza ni kitu gani. Kinoo hakina bahati hiyo. Ni kijiwe kinachoenea kiganjani, hukaa karibu na kizingiti au pembeni mwa meko, na mwenye nyumba akifa hurudi kuwa jiwe kama mawe mengine.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kulitazama tanuru peke yake kumeifanya historia hiyo iishie mapema mno. Chuma cha Ufipa hakikuwa na faida kwa mkulima, mwindaji au mnyozi mpaka kilipotiwa makali, na makali hayo yalihitaji kurudishwa tena na tena kwa miaka yote ambayo chombo kilitumika. Kazi ya tanuru ilichukua siku kadhaa, ilhali ile ya kinoo ilichukua umri mzima wa chombo. Wembe wa kunyolea umechaguliwa kuwa mfano kwa sababu ndicho chombo kinachodai makali mengi kuliko vyote. Jembe lililopungua makali bado hulima, ingawa kwa taabu. Wembe uliopungua makali haunyoi, hung'oa nywele.

Maandishi yaliyotangulia na mipaka yake

Tangu miaka ya 1930 uyeyushaji wa chuma wa Ufipa umevuta macho ya watu wengi. Greig aliuandikia makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937. Wise alirejea katika jarida hilo hilo mwaka 1958 kwa makala mbili, moja ikieleza kazi yenyewe na nyingine ikieleza mila zilizoandamana nayo. Wembah-Rashid aliandika juu ya wahunzi wa Ufipa mwaka 1969. Willis, aliyefanya utafiti wa kijamii Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliuweka uhunzi ndani ya historia ya dola katika kitabu chake cha mwaka 1981. Mapunda, katika tasnifu ya mwaka 1995 na kitabu cha mwaka 2010, alileta ushahidi wa kiakiolojia na kutofautisha mapokeo matatu ya uyeyushaji: katukutu yenye matanuru mafupi, malungu yenye matanuru marefu, na barongo yaliyoingia katika karne ya 19 kutoka upande wa kusini magharibi mwa Ziwa Viktoria. Barndon (2004) naye aliwalinganisha Wafipa na Wapangwa.

Orodha hiyo ni ya heshima, na utafiti wowote wa Ufipa unasimama juu yake. Hata hivyo, ina mwelekeo mmoja. Uzito wake umekaa kwenye tanuru, mkaa, mtapo, dawa na miiko. Tanuru lilifananishwa na bibi harusi, wayeyushaji walijitenga na wake zao wakati wa kazi, na fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa kilichotunzwa kwa siri. Habari hizo zina mvuto wake, na mtafiti kutoka mbali hakuweza kuzipita. Lakini mvuto huo huo umelifanya lililo la kila siku lionekane kuwa si teknolojia. Jiwe la kunolea halikuwa na dawa, halikuhitaji ruhusa ya mtu, wala halikufichwa. Kwa hiyo halikuandikwa.

Pana sababu nyingine, ya kitaaluma zaidi. Mjadala mkubwa wa miaka ya 1970 na 1980 ulihusu uwezo wa Mwafrika wa kuzalisha chuma bora kwa maarifa yake mwenyewe. Schmidt na Avery walipochapisha mwaka 1978 matokeo yao ya Buhaya, walikuwa wakijibu dharau ya muda mrefu, na swali lililokuwa mezani lilikuwa joto la tanuru na kiasi cha kaboni. Swali la namna chuma hicho kilivyotumika na kutunzwa lilibaki nyuma. Ni jambo la kueleweka kwa wakati wake. Kuliendeleza pengo hilo leo hakuna sababu tena.

Kutoka ilungu hadi makali

Ili nafasi ya kinoo ionekane, ni lazima tabia ya chuma chenyewe ielezwe. Chuma hakiyeyuki kuwa maji mpaka kifikie nyuzi 1,538 za Selsiasi, na ilungu, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto kwa kupitia matundu ya chini yenye mirija ya udongo, halikufikia joto hilo wala halikukusudiwa kulifikia. Lililotoka humo lilikuwa bonge: chuma kilichochanganyika na mavi ya chuma na vipande vya mkaa. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto, likasafishwa kabla ya mhunzi kulifua. Mpangilio huu wa hatua mbili za moto kabla ya kufua ndio ulioupa uhunzi wa Wafipa sura yake.

Chuma kinachopatikana kwa njia hii hakiwi sawa mwili mzima. Sehemu moja ya bonge huweza kuwa laini kwa kukosa kaboni, nyingine ikawa ngumu kwa sababu ilikaa karibu na mkaa. Mhunzi aliyekata kipande kwa ajili ya jembe hakusumbuliwa sana na tofauti hiyo. Kwa wembe ilikuwa shida. Chuma chenye kaboni kidogo hakiongezeki ugumu hata kikizimwa ghafla ndani ya maji. Njia iliyobaki ni kuyagonga makali kikiwa baridi, nyundo ikikandamiza chuma mpaka kiwe chembamba na kigumu zaidi kuliko mwanzo. Baada ya hapo ni jiwe.

Hapa ndipo mantiki ya kinoo inapojitokeza. Chuma laini hunoleka upesi na hupoteza makali upesi. Wembe wa chuma hicho haukuweza kunolewa mara moja kwa mwezi kisha ukasahauliwa. Ulipitishwa kwenye jiwe kabla ya kila kichwa, na wakati mwingine katikati ya kichwa kimoja. Kwa maneno mengine, upungufu wa kaboni uliotokea tanurini ulilipwa kwa jasho la kunoa, na aliyelipa si myeyushaji bali mtumiaji. Gharama hii haijawahi kuhesabiwa katika tathmini za uzalishaji wa chuma cha Ufipa, ambazo hupima mavi ya chuma na kukadiria idadi ya majembe. Majembe yanastahili kupewa nafasi ya mbele, kwani kilimo cha matuta ya mbolea ya majani, intumba, kilikula majembe kwa wingi. Lakini kipande kilichobaki baada ya jembe kukatwa kilitosha kutoa wembe, na wembe huo ulihitaji kunolewa mara nyingi kuliko jembe lililotoka katika bonge hilo hilo.

Jiwe na udogo wake

Kwa nini vinoo vya wembe ni vidogo? Jibu la kwanza liko kwenye umbo la wembe wa kienyeji. Nyembe zilizofuliwa na wahunzi wa bara zilikuwa bapa dogo la chuma, pana upande wa makali na jembamba upande wa kushikia, mara nyingi bila mpini wa mti. Makali yenye urefu wa sentimita chache hayahitaji jiwe refu, kwani mkono mmoja hushika jiwe na mwingine huzungusha wembe. Wembe wa Ulaya wa kukunja, wenye makali marefu zaidi na chuma kigumu chenye kaboni nyingi, ulidai jiwe bapa la kutulia juu ya meza na kisha mkanda wa ngozi kila asubuhi.

Jibu la pili limo ardhini. Uwanda wa Ufipa umekaa juu ya miamba metamofiki ya ukanda wa Ubende, yenye umri wa takribani miaka bilioni 2. Sehemu kubwa ni naisi, mwamba wenye chembe kubwa za madini mbalimbali. Naisi hufaa kwa jiwe la kusagia ulezi, kwa sababu chembe zake zisizolingana hubaki na ukwaruzo hata baada ya kutumika sana. Kwa wembe haifai kabisa. Chembe kubwa huchimba mfereji kwenye makali, na mfereji huo ndio unaokwaruza ngozi. Jiwe la wembe linatakiwa liwe na chembe ndogo zinazolingana, ngumu kuliko chuma, zilizoshikana kiasi cha kutong'oka ovyo lakini si kiasi cha kuziba na kuteleza. Kwatsi, ambayo ni madini ya daraja la 7 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, hukikata chuma bila shida. Lililo gumu kulipata ni wembamba wa chembe zake.

Mawe ya namna hiyo hayakosekani katika eneo hili, ila hayako kila mahali. Mawe ya mchanga hupatikana chini katika bonde la Rukwa, na mawe ya mchanga na kwatsi iliyoshikana hupatikana upande wa Kalambo, ambako mto hushuka kwa maporomoko ya zaidi ya mita 200 kuelekea Ziwa Tanganyika. Mito huvunja miamba hiyo, huviringisha vipande vyake na kuacha vile vilivyo imara. Kokoto la mtoni lenye uso laini tayari limekwisha kupimwa na maji. Anayelichagua hupima kwa kidole gumba na kwa mate. Basi udogo wa kinoo ni matokeo ya uteuzi: jiwe zuri lilipatikana kwa ukubwa ambao mto uliliacha, likabebwa kupandishwa uwandani, na uzito wake ulikuwa na maana kwa aliyelibeba.

Maarifa haya si ya Ufipa peke yake. Ubelgiji, karibu na Vielsalm, ilichimba kwa karne nyingi jiwe la rangi ya manjano lenye chembe ndogo za ganeti, likauzwa kwa vinyozi wa Ulaya; Thuringia ya Ujerumani ilikuwa na lake. Tofauti ni kwamba mawe hayo yalichimbwa migodini, yakakatwa kwa vipimo na kuandikwa katika vitabu vya wafanyabiashara, na kwa sababu hiyo yana historia. Kokoto la Ufipa lilifanya kazi ile ile bila risiti.

Namna ya kunoa nayo inastahili maelezo, kwa kuwa ndiyo inayoacha alama ambazo mwanaakiolojia anaweza kuzisoma. Jiwe hutiwa maji. Maji hayo hubeba unga wa jiwe na wa chuma, na unga huo, ukigeuka tope jembamba jeusi, husaidia kukata. Wembe hulazwa karibu sawasawa na uso wa jiwe, ukapelekwa na kurudishwa au ukazungushwa, kwanza upande mmoja kisha wa pili, mpaka ule ukingo mwembamba unaojikunja kwenye makali uishe. Mwisho makali hupitishwa kwenye ngozi au kiganjani. Matumizi ya miaka mingi huliacha jiwe na uso mmoja uliolainika na kubonyea kidogo katikati. Jiwe lililonoa mishale au sindano huwa na mfereji mwembamba. Lililonoa shoka huwa na bonde pana. Lililosagia nafaka hugongwagongwa ili lirudishiwe ukwaruzo. Alama hizo nne hazifanani, na anayejua kunoa hawezi kuzichanganya.

Wembe, nywele na maji

Kiswahili kina neno maalumu la jiwe hili, kinoo, linalotokana na kunoa, na kitenzi chenyewe, katika maumbo ya kunoa au kunola, kinapatikana katika lugha nyingi za Kibantu. Cherehe, gurudumu la kunolea, ni neno la mkopo, na mkopo huo unaonyesha kwamba gurudumu lilikuja baadaye kupitia pwani. Kwa mwanahistoria mpangilio huo wa msamiati una thamani: tendo na jiwe ni vya ndani, mashine ni ya nje.

Methali nazo huhifadhi ufundi. Isemwapo kwamba ukiona mwenzako ananyolewa nawe zako tia maji, wasikilizaji wa leo huchukua onyo na kuyaacha maji. Lakini maji ndiyo kiini cha ufundi. Unywele mkavu ni mgumu kukatwa. Ukilowa huvimba na kulegea. Mwenye wembe wa chuma laini hakuwa na namna ya kunyoa bila kulowesha kwanza, na aliyengojea zamu yake alilowesha mapema ili kazi isicheleweshe makali. Ile nyingine ya mtoto anayelilia wembe inatuonyesha wembe ukiwa nyumbani, mahali ambapo mtoto huuona na kuutamani, si katika kibanda cha fundi. Methali hizi ni za Waswahili wa pwani na haziwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa moja kwa moja wa Ufipa. Zinafaa kwa jambo moja tu: zinaeleza masharti ya kiufundi ambayo wembe wowote wa chuma cha bonge uliyadai, uwe wa pwani au wa bara.

Katika jamii nyingi za Tanzania kunyoa hakukuwa suala la urembo tu. Mtoto mchanga alinyolewa nywele za kuzaliwa nazo, wafiwa walinyolewa wakati wa kuondoa msiba, na chanjo za waganga zilichanjwa kwa wembe huo huo. Wembe ulihitajika siku ambazo haziwezi kuahirishwa. Nyumba ambayo haikuwa na mhunzi karibu ingeweza kuishi miaka bila yeye, lakini haikuweza kuishi bila kinoo. Katika hilo kuna tofauti ya kijamii iliyo muhimu kuliko ya kiufundi. Uyeyushaji ulikuwa kazi ya wanaume wachache, wenye miiko na siri, uliofanyika mbali na makazi. Unoaji ulifanyika mlangoni, mbele ya watu wote, na yeyote mwenye mkono mtulivu aliuweza. Historia inayoishia tanurini inawarithisha wachache hao sifa yote ya teknolojia ya chuma.

Kukoma kwa malungu na maisha ya baadaye ya kinoo

Karne ya 19 ilikuta Ufipa katika falme mbili za Watwa, Nkansi na Lyangalile, huku Milansi ikibaki na heshima ya utangulizi. Thomson alipopita mwaka 1880 alikuta nchi ya wakulima. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walishika kituo cha Karema ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na baadaye wakapanda uwandani. Utawala wa Wajerumani uliweka boma Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalifuata njia hizo hizo. Kufikia katikati ya karne ya 20 uyeyushaji wa kawaida ulikuwa umekoma, na lililofanyika baada ya hapo lilikuwa zaidi ni kuwaonyesha watafiti.

Uhunzi wenyewe haukukoma. Mhunzi aliacha kuyeyusha akaendelea kufua, akitumia chuma chakavu: springi za magari, tupa zilizokwisha, vipande vya mapipa. Badiliko hili lina maana kubwa kwa mada hii. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kuwa kigumu kikizimwa, na wembe au kisu kilichofuliwa kutokana nacho hushika makali muda mrefu zaidi. Lakini hunoleka polepole, na kokoto lililotosha kwa chuma laini huonekana vivu. Yaelekea ni katika kipindi hiki, na si katika kipindi cha malungu, ambapo vipande vya mawe ya viwandani na matofali ya kunolea vilianza kushindana na jiwe la mtoni. Kosa la kuuhesabu mwisho wa tanuru kuwa mwisho wa uhunzi limekuwa likificha badiliko hili.

Wembe mwembamba wa pande mbili ndio uliokivunja kinoo cha wembe. King Camp Gillette alipata hataza yake Marekani mwaka 1904, na wazo lake lilikuwa rahisi kwa namna ya kutisha: makali yasiyonolewa, yanayotupwa. Jina la zamani likahamia kwenye kitu kipya bila kelele. Leo ukimtuma mtoto wa Sumbawanga dukani akanunue wembe ataleta kikaratasi chenye bati jembamba ndani yake, na mwanafunzi atakitumia kuchongea penseli kabla ya mtu yeyote kukitumia kunyolea. Kwa miaka mingi, hata hivyo, uchumi wa nyumba haukukubali wazo la kutupa. Wembe mmoja wa dukani ulipita vichwa vingi.

Kilichomaliza desturi hiyo ni ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kampeni za afya zilirudia onyo la kutochangia nyembe na vitu vingine vyenye ncha kali. Wembe wa kila mtu ukawa lazima, na wembe wa ukoo, ule uliotoka kwenye kinoo cha babu, ukawa hatari. Ni vigumu kuona ni lipi lingine lingeweza kufanywa. Lakini kwa upande wa historia ya teknolojia, tarehe hiyo inastahili kuandikwa kandokando ya tarehe za malungu: tanuru lilizimwa na jembe la kigeni, na wembe wa kunolewa ulizimwa zaidi ya miaka 40 baadaye, kwa sababu isiyohusiana kabisa na chuma.

Kinoo cha visu, panga na mundu kinaendelea. Kwa hiyo jiwe lililo nyumbani leo linaweza kuwa na historia mbili juu ya uso mmoja: ulaini wa wembe chini, na mikwaruzo ya panga juu yake. Jambo hili lina athari kwa uchimbuaji. Mawe madogo yanayokusanywa juu ya ardhi hayawezi kutumika kutaja kipindi, ila yale yaliyotoka ndani ya tabaka pamoja na mavi ya chuma au vigae yanaweza. Na hapo mahali ni muhimu. Kinoo kitakachopatikana kando ya kintengwe kinasema kwamba mhunzi alikabidhi wembe ukiwa na makali. Kitakachopatikana kwenye sakafu ya nyumba, mbali na moto wowote wa chuma, kinasema kwamba makali yalikuwa mali ya nyumba. Ili tofauti hiyo ionekane, kokoto lenye uso mmoja laini lisitupwe kwenye lundo la mawe ya asili wakati wa kuchambua yaliyobaki kwenye chekeche. Lioshwe kwa maji matupu bila brashi, maana brashi huondoa unga wa chuma uliojificha katika vinyweleo vya jiwe, na lipimwe kabla halijaguswa kwa chombo chochote cha chuma.